Karani wa Chumvi na Soko la Ng'ambo

Mtaani kwetu Dunda, hapa Bagamoyo, watu wakimtaja Bi Karani hutikisa kichwa kwanza ndipo waseme. Wanasema alikuwa na elimu akaitupa jaani. Wanasema alikuwa na kiti cha kuzunguka na kiyoyozi juu ya kichwa chake, akaviacha akaenda kukalia kreti la soda kwenye mashamba ya chumvi. Wapo wanaosema aliingiwa na wazimu wa simu. Vijana nao wanasema alikuwa mwoga, kwamba alijua njia ya utajiri akaogopa kuifuata. Nimeyasikia hayo kwa miaka mingi, vibarazani na hata misibani, na mara nyingi nilinyamaza kwa adabu. Leo sinyamazi. Mimi nilimjua. Wao walikuwa wakimwona tu akipita.

Alizaliwa wapi na ni wa ukoo gani sitasema. Mjini petu kila mtu anajua nasaba ya mwenzake, na hakuna anayejua mwenzake anawaza nini.

Alikuwa mwembamba na mrefu, mwenye mwendo wa mtu anayewahi jambo. Baibui lake lilipigwa pasi kila siku, hata siku za kwenda chumvini, na viatu vya mpira vya kuingilia kwenye mabwawa hakuvivaa mjini kamwe. Alivibeba kwenye mfuko, akavivaa akishafika. Alijifukiza udi. Nilimwona mara nyingi akisimama kabla ya kuingia mtaani, akainama, akapangusa ule mstari mweupe ambao chumvi huacha kwenye upindo wa nguo. Alipenda kusema kwamba maneno ya watu hayamshughulishi. Yalimshughulisha, ila hayakumgeuza.

Mimi nilimkuta kwenye hoteli moja ya ufukweni. Yeye alikuwa mhasibu, mimi nilikuwa mapokezi, na mpaka leo ananiita Mapokezi ingawa niliiacha kazi hiyo zamani. Siku alipoandika barua ya kuacha kazi, meneja alitusimulia jikoni wakati wa chakula cha mchana kama anayesimulia kichekesho. Alisema alimwahidi Bi Karani nyongeza, akakataa. Akamuuliza huko chumvini wanamlipa kiasi gani, akajibiwa kwamba hata nusu ya mshahara wa hoteli hakifiki. Meneja akauliza sasa anafuata nini. Bi Karani akamwambia kwamba kule wanatoka saa nane mchana, na mtu akishatoka hakuna anayempigia simu. Tulicheka sote. Mimi nilicheka kuliko wote, nalikumbuka hilo.

Hakuna aliyejua kwamba kwa mwaka mzima kabla ya hapo alikuwa akijifunza kununua na kuuza hisa za ng'ambo kwa simu, kupitia dalali. Miaka baadaye nilimuuliza nini kilimwingiza huko. Alisema maisha yake yote ya kazi aliandika pesa za watu zilivyotembea, akataka siku moja ajue ni nani anayezisukuma. Soko alilolichagua, la Marekani, kwetu hufunguliwa jioni: miezi fulani saa kumi na nusu, miezi mingine saa kumi na moja na nusu. Yeye alitaka muda ule tu, tangu soko lifunguliwe mpaka adhana ya magharibi. Hotelini jioni ndiyo saa ya wageni kuingia, mhasibu anaitwa huku na huku, na mkubwa akikumbuka jambo akiwa kitandani anapiga simu. Aliniambia hoteli ilikuwa inanunua kichwa chake, wakati yeye alikuwa tayari kuuza macho na mkono tu.

Kaka yake, mwenye duka la vifaa vya ujenzi, aliitisha kikao cha familia. Alisema ni fedheha binti wa nyumba ile kwenda kupima chumvi pamoja na vibarua. Bi Karani alisikiliza mpaka mwisho, kisha akajibu kwamba nyumba ile imekula chumvi tangu ilipojengwa, na hajawahi kusikia mtu akiuliza ni nani aliyeipima. Kikao kikavunjika hapo. Kaka hakusema naye mpaka Idi.

Mashamba yenyewe yako kaskazini mwa mji. Maji ya bahari huingizwa kwenye mabwawa mapana, jua likayakausha, wanawake wakaikwangua chumvi kwa majembe ya mbao na kuijaza magunia. Kazi huanza mara baada ya alfajiri, kwa sababu jua likipanda weupe ule unaunguza macho. Kazi yake ilikuwa kusimama kwenye mizani na kuandika kila gunia. Saa nane anaondoka. Alasiri anaswali, anakunywa chai ya rangi na kipande cha mkate wa kumimina, halafu anakaa kwenye kibaraza cha uani, simu imeegemezwa kwenye birika, daftari mapajani. Magharibi ikiadhiniwa anazima simu hata kama bei inapanda kama moto. Miezi ile soko linapochelewa kufunguliwa alikuwa anabaki na muda mfupi mno, siku nyingine hata saa nzima haukufika, na hakuuongeza.

Miaka miwili ya mwanzo alifanya kwenye akaunti ya mazoezi, yenye pesa zisizokuwepo. Vijana wa mtaani walipogundua walimfanyia mzaha, wakasema bibi mzima anacheza kitoto. Aliwajibu kwamba wote wamekula wali wa mama zao wakashiba, na mama zao walianza kwa kupika mchanga kwenye vifuu.

Daftari lake nililisoma siku moja kwa ruhusa yake. Nilitarajia kukuta hesabu. Hesabu zilikuwepo, lakini chache. Zaidi alikuwa ameandika kwa nini alinunua na moyo wake ulikuwaje. Pameandikwa: nimenunua kwa sababu nimeona wengine wananunua, ujinga. Siku nyingine: leo nimegombana na dereva wa lori, sikugusa kitu. Kuna ukurasa wa Ramadhani wenye mstari mmoja tu, kwamba mwenye njaa asiende sokoni. Mwezi ule hakufanya biashara alasiri hata moja.

Na masika pia hakufanya. Hili ndilo lililowachekesha watu kuliko yote. Mvua zikianza mabwawa ya chumvi hujaa maji matamu, kazi husimama, vibarua hurudi majumbani na mishahara husimama. Yeye naye alilifunga soko lake, akashona makofia mpaka mvua ziishe. Jirani mmoja alimwambia mbele yangu kwamba huko Marekani hawajui kama Bagamoyo kunanyesha. Bi Karani akasema wao hawajui, lakini yeye anajua, na pesa ni zake. Alikuwa na neno moja ambalo alilirudia kwa namna nyingi: kwamba kazi ya mchana haikuwa ya kumlisha tu, ilikuwa ya kumruhusu kungoja. Mwenye unga ndani anaweza kuitazama bei mbaya akaiacha ipite.

Kuhusu dini alikwenda mwenyewe kwa sheikh, kabla hajasemwa. Sheikh alimhoji kwa muda mrefu. Alitaka kujua kampuni zile zinauza nini, na kama dalali anamkopesha ili anunue zaidi ya uwezo wake. Alisema kwenye mkopo ule ana shaka kubwa, na kwamba yeye binafsi asingeifanya biashara hiyo hata bila mkopo. Bi Karani alimshukuru. Tangu siku ile akaachana na kampuni za pombe na za riba, na hakukopa hata senti ya dalali. Waliobaki kumwita mcheza kamari aliwaelekeza kwa sheikh, na hakuna aliyekwenda.

Msinifahamu vibaya, hakuwa malaika. Ulimi wake ulikuwa mkali. Pale mnadani angeweza kuvutana na mchuuzi juu ya fungu la dagaa mpaka watu wakusanyike, ilhali jioni ile ile anaifunga biashara iliyomtia hasara bila kukunja uso. Nilimuuliza inakuwaje. Akasema mchuuzi anamsikia, soko halimsikii, sasa agombane nalo kwa faida gani? Hakupenda kumfundisha mtu. Aliwafukuza vijana waliokuja na simu zao, tena bila kuwakaribisha chai. Mimi nilivumiliwa, nadhani, kwa sababu nilianza kwa kumsaidia kubeba ndoo za maji wakati bomba la mtaa lilipokatika, na sikuuliza kitu kwa muda mrefu.

Nilipoanza kuuliza, nilikuwa tayari nimeingia sokoni kivyangu. Nilinunua na kuuza sarafu za kigeni, kwa mkopo wa dalali, nikiwa palepale mapokezi, simu imefichwa chini ya kitabu cha wageni. Miezi mitatu ya mwanzo nilipata. Ni balaa kupata mwanzoni. Nilianza kumwona kila mgeni anayeniomba ufunguo kama mtu anayenipotezea riziki, na nikaamua kuacha kazi. Nilikwenda kwa Bi Karani jioni moja nikiwa na shati jipya, nikamwambia.

Aliuliza mshahara wangu unalipa nini. Nikamtajia: kodi ya nyumba, chakula, ada ya mtoto, dawa za mama.

"Na ukiacha, hivyo vitalipwa na nani?"

"Soko," nikasema.

"Usilitume soko dukani, Mapokezi. Siku utakapolituma unga, litajua kwamba una njaa."

Nilikasirika. Nilimwambia jambo ambalo mtu hamwambii mkubwa wake. Nilisema yeye anaogopa, ndiyo maana miaka yote ile bado yuko kwenye chumvi, na kwamba atakufa akipima magunia ya watu.

Hakupandisha sauti. "Naogopa," alisema. "Wewe je?"

Niliondoka bila kuaga. Mwisho wa mwezi nikaacha kazi.

Sitaeleza kwa kirefu yaliyofuata, kwa sababu yanafanana na ya kila aliyepita njia hiyo. Mwezi wa kwanza nilikula akiba. Mwezi wa pili kodi ilikaribia, nikanunua kwa pesa nyingi kuliko ilivyonipasa ili niipate kwa siku moja. Nikapoteza, nikarudia ili nirudishe, nikapoteza tena. Mwezi wa nne mke wangu aliuza cherehani lake. Hakunilaumu. Alilifuta vumbi, akalifunika kwa kanga, mnunuzi akaja akalibeba, naye akaingia ndani akaendelea kuchambua mchele. Mimi nilikaa chumbani nikasikia miguu ya yule mtu ikishuka ngazi. Mpaka leo nikisikia cherehani linalia mahali, nabadilisha njia.

Kwa wiki kadhaa nilizunguka njia za nyuma nisionane na Bi Karani. Alikuja yeye. Alipiga hodi jioni, na kitu cha kwanza nilichokiona ni saa ukutani: kumi na moja kasorobo. Soko lake lilikuwa wazi, naye alikuwa amesimama mlangoni kwangu. Alimsalimu mke wangu, akaketi mkekani, akanywa maji. Juu ya soko hakusema neno. Alitaka kujua tu ni kazi gani zinazopatikana.

Nilikuwa na tatu za kutaja. Ya kwanza ilikuwa Msata, pale njia ya kwetu inapokutana na ile ya mabasi ya kaskazini, kwenye kibanda cha kukatisha tiketi. Ililipa vizuri kuliko zote. Bi Karani aliuliza mtu anatoka saa ngapi. Nikasema hakuna saa, mabasi yanapita mchana na usiku, na wakala anapigiwa simu wakati wowote. Akasema hiyo ni hoteli nyingine yenye matairi.

Ya pili ndiyo niliyoitamani. Tajiri mmoja alihitaji mtu wa kulinda nyumba yake ya ufukweni mchana. Nyumba ilikuwa tupu, geti limefungwa, mtu anakaa tu. Nilisema pale ningepata utulivu wa kulitazama soko tangu asubuhi.

"Hiyo ndiyo itakayokumaliza," alisema. "Mtu asiye na la kufanya hutafuta la kufanya, na sokoni halikosekani."

Ya tatu niliitaja kwa aibu. Shule moja ya sekondari ilitafuta mtunza stoo: chaki, madaftari, magunia ya unga na maharage, mafagio. Mshahara ulikuwa chini ya ule wa hotelini. Aliuliza wanafunga saa ngapi. Saa tisa unusu. Aliuliza kama mkubwa wa shule ana tabia ya kuwapigia watu simu nyumbani, kama kazi inachosha mwili au kichwa, na Jumamosi inakuwaje. Mshahara aliuuliza mwisho kabisa, tena hakutaka kujua ni kiasi gani. Alimgeukia mke wangu akamuuliza kama kwa pesa ile nyumba itafika mwisho wa mwezi bila kumgongea jirani kuomba. Mke wangu alifikiri, akasema itafika, kwa kujibana.

Nilijitetea. Nilisema watoto wa watu niliokuwa nikiwapokea na mizigo yao hotelini wataniona nikigawa chaki. Mke wangu alisema, "Watakuona. Halafu?"

Nikaichukua kazi ya stoo. Bi Karani aliniwekea sharti kwamba nisiguse soko kwa mwaka mmoja. Nilivumilia miezi minane. Nilipokiri kwake alisema amewahi kuona wanaovumilia siku nane, kwa hiyo si haba.

Sasa nifike pale wanapopapenda wanaomsema, na sitaparuka. Bi Karani mwenyewe aliacha kazi. Alikuwa amepata miaka mitatu mizuri, na mwaka wa mwisho soko lilimpa zaidi ya chumvi. Kiangazi kilipoingia hakwenda kwenye mabwawa. Nilipopata habari nilimfuata, nikamrudishia maneno yake mwenyewe, moja baada ya jingine. Alisema maneno yake anayajua, hana haja ya kukumbushwa. Alisema amechoka. Kwamba magoti yanamuuma kwa kusimama, na anataka kuona tu mchana wote ukiwa wake unafananaje.

Ulifanana na homa. Alianza kuitazama simu tangu asubuhi, wakati soko lake limelala, akisoma habari za watu wanaobashiri. Adhana ya magharibi ikamkuta hajazima. Alinunua kitu Jumatatu, akakiuza Jumanne, akakinunua tena Jumatano kwa bei mbaya zaidi, yeye ambaye zamani aliweza kukaa wiki tatu bila kugusa. Daftari lilibaki tupu. Siku moja niliingia uani baada ya alasiri nikamkuta ameketi palepale, udhu hajatia, na chai imefanya utando juu. Aliniangalia kama hanifahamu. Kisha akauliza ni saa ngapi, nikamwambia, akaziba mdomo kwa kiganja.

Hakufilisika, ingawa mjini wanasimulia hivyo. Alipoteza sehemu ya faida yake. Lakini siku ile ile aliuza kila kitu alichonacho, akaifunga akaunti, na kesho yake alfajiri akachukua mfuko wenye viatu vya mpira akaenda chumvini kuomba kazi. Mizani ilikuwa na mtu mwingine, mpwa wa msimamizi. Wakamwambia iliyopo ni ya kukwangua. Akaichukua.

Hapo ndipo mji ulipofurahi. Nimesikia mtu akicheka kwa sauti dukani, akisema mhasibu sasa analima bahari. Kaka yake alituma mjumbe, mtu wa heshima, akasema atampa posho ya kila mwezi ili tu asionekane kule na jembe la mbao mkononi. Mjumbe alinisimulia mwenyewe jibu alilopewa. Bi Karani alisema kaka aambiwe ahsante, na aambiwe pia kwamba fedheha ni mkono unaonyooshwa, wake una kazi.

Nilimfuata huko Jumamosi moja. Alikuwa kwenye bwawa la tatu, katikati ya wanawake wengine, kanga imefungwa kichwani, akivuta chumvi kuelekea ukingoni. Vidole vilikuwa vimechanika, na chumvi ikiingia kwenye mchubuko kila mtu anajua inavyofanya. Nilimwambia naweza kumtafutia kazi nyepesi shuleni, jikoni pana nafasi. Hakuacha kuvuta.

"Nilitoka hapa kwa miguu yangu, nimerudi kwa miguu yangu," alisema. "Kuna aliyenibeba?"

Wale wanawake walicheka, naye akacheka. Nilirudi mjini nikiwa na hasira na kila kibaraza nilichokipita. Alikwangua msimu mzima. Masika yaliyofuata mpwa wa msimamizi alihamia Dar, na kiangazi wakamrudishia mizani yake. Ndipo akafungua akaunti tena, kwa pesa ndogo kuliko za zamani, alasiri mpaka magharibi, kama mwanzo.

Mtu ataniuliza, je, alitajirika? Hapana. Alijenga vyumba viwili nyuma ya nyumba akavipangisha, akabadilisha bati, akamwozesha binti yake wa pekee kwa heshima. Wanaomsema huishia hapo: vyumba viwili, miaka yote hiyo! Mimi huwauliza ni nani kati yao amejenga hata choo kwa simu yake. Nawataja wale waliouza viwanja vya baba zao kwa kufuata walimu wa utajiri waliokuja na magari ya kukodi wakaondoka nayo. Bi Karani hakumtia mtu hasara. Kikundi kimoja cha akina mama kilimwomba akifanyie biashara akiba yao, akakataa mpaka wakamnunia. Mwaka wa pili walikuwa bado wana akiba, na bado wamenuna.

Mara ya mwisho kukaa naye siku nzima ilikuwa mwaka jana. Mwenye mashamba ya chumvi alikuwa amefariki, na warithi wakayafunga. Bi Karani alikuwa na umri ambao watu humtengea mtu kiti bila kuombwa. Binti yake alimwita akakae naye Tanga. Kaka yake, ambaye sasa alikuwa amepatana naye, alisema ana kodi ya vyumba, ana soko lake, apumzike. Mimi nilikuwa nimesikia kwamba ghala la ufuta huko Mkange linatafuta mtu wa mizani kwa msimu. Nilimwambia kwa mzaha. Akaniuliza gari la kwanza linaondoka saa ngapi.

Tulikwenda kupitia Msata, tukabadilisha gari, tukapita Miono, tukafika jua limeshapanda. Mbele ya ghala wakulima walikuwa wamepanga magunia, wanaume wawili wakibishana kwa Kizigua juu ya nafasi kwenye foleni. Msimamizi alikuwa kijana nadhifu mwenye kalamu sikioni. Alimpa shikamoo, akampa kiti, akazisoma pole pole karatasi za kazi alizokuja nazo. Nadhani mwanzoni alidhani amekuja kumwombea mjukuu, mpaka alipoona jina ni lake.

"Mama, hapa tunapokea magunia kutwa nzima," alisema. "Kusimama ni kwingi."

"Nimesimama kwenye chumvi, mwanangu. Ufuta hauchomi."

Aliuliza kama hana watoto. Anaye, Tanga. Akauliza kama hana chochote kinachomwingizia, maana wengi wanaokuja pale wamekwama. Niliona aibu kwa niaba yake, nikataka kusema kitu. Bi Karani akanitangulia, akasema ana vyumba vya kupanga na ana biashara.

Kijana akaweka karatasi chini. Alisema kwa upole kabisa kwamba kuna watu wasio na kitu wanaoitaka nafasi ile, na angependa kuelewa: kama mama anayo biashara yake, kazi anaitafutia nini?

"Biashara yangu haijawahi kunilisha," alisema Bi Karani, "na sitaki ianze leo. Nikiitegemea nitaiharibu, niliwahi kuiharibu. Mimi sikuja kuomba hisani, nimekuja kupima. Kama yupo anayepima vizuri kuliko mimi, mpe yeye."

Hakumwelewa, ilionekana usoni. Lakini alinyanyuka akampeleka kwenye mizani, akaita gunia. Bi Karani aliigusa sahani ya mizani, akaisafisha kwa ncha ya mtandio, akangoja mshale utulie, akasoma kwa sauti. Likaja la pili, la tatu, la kumi. Wale wanaume wawili waliacha kubishana, foleni ikaanza kusogea. Kijana alisimama nyuma yake akilinganisha na daftari lake. Kufikia adhuhuri alikuwa ameketi kwenye kiti alichompa mama, ameiacha mizani kwake. Alimwambia aanze Jumatatu, kwa msimu, na kwamba wanafunga saa tisa.

Tulitembea kurudi barabarani kwenye vumbi jekundu. Nilikuwa na furaha kama niliyeajiriwa mimi. Nilimpa mkono, nikamwambia hongera.

Alinitazama juu ya miwani yake.

"Hongera ya nini, Mapokezi? Nimepata kazi, sijaolewa."

Kisha akaniambia nitangulie, nisikose gari la kurudi, yeye anakwenda kutafuta chumba cha kupanga pale pale Mkange.